Masika Niliyomchunguza Bwana Bomba

Jumatatu, 4 Machi

Mvua haijaanza, ila mawingu yamekaa juu ya mji kama mgeni asiyetaka kuaga. Mama amenipiga marufuku kuzungumza habari za ofisini wakati wa kula. Sina mwingine wa kumweleza, basi nitajieleza humu.

Leo Mkurugenzi wa halmashauri kaniita. Mtu amepiga simu kwenye dawati letu la malalamiko, sauti ya kiume, hakujitaja. Amesema Mhandisi Mkuu wa Idara ya Maji anakuja kazini amelewa, na kwamba lawama za mafuriko ya mwaka jana alibebeshwa mtu asiye na kosa. Akakata.

"Chunguza," Mkurugenzi akaniambia, "lakini taratibu, mwanangu. Huyu ni Bwana Bomba."

Jina hilo watu walimpa wenyewe siku alipofikisha maji ya bomba mtaa wa bondeni. Huko ndiko nilikozaliwa. Huko ndiko nyumba ya Mama ilikoingia maji mwaka jana mpaka usawa wa dirisha, ndiyo maana sasa anaishi kwangu. Nilimwambia Mkurugenzi kazi hii ampe mwingine, mimi nina donda langu.

"Mwingine yupi?" akacheka. "Kitengo cha maadili ni wewe na kiti chako. Na nani hapa mjini hakuguswa na mafuriko yale?"

Jumatano, 6 Machi

Nimeanza Idara ya Maji. Uani mabomba yamelazwa juu ya magogo, ndani harufu ya dawa ya kusafishia maji inakukaba koo. Bwana Bomba alinipokea mlangoni mwenyewe, kwa mikono miwili. Ni mtu mkubwa, mcheshi, kila anayepita ana utani wake. Peremende haikumtoka mdomoni.

"Uliza chochote, dada yangu. Nyumba hii haina pazia."

Nikauliza. Karani akasema Mhandisi hanywi, ana presha tu. Fundi wa pampu akasema hanywi, ni sukari. Mhasibu akasema ni jino linalomsumbua. Mtu mmoja, magonjwa matatu, na wote wako tayari kuapa.

Naibu wake ni mwanamke wa makamo, mkavu, hana tabasamu la bure. Yeye hakuapa. "Andika utakachokiona," akasema, akarudi kwenye ramani zake.

Nilipokuwa natoka, karani alinivuta kando. "Yule ndiye aliyepiga simu. Anakitaka kiti."

"Aliyepiga ni mwanamume."

"Ana kaka," akasema karani.

Jumamosi, 9 Machi

Nimemdokeza Mama. Kaja juu. "Yule mtu kanitua ndoo kichwani! Miaka yote nilikuwa napanda kile kilima na maji. Halafu wewe, mtoto niliyekuogesha kwa maji hayo, ndiye wa kumfukuzisha kazi?" Baadaye nikamsikia jikoni anacheka peke yake: "Eti bosi wa maji anapiga maji. Sasa apige nini?"

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imeanza. Hakuna jipya.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nimepanda bwawani kumwona mzee aliyekuwa mlinzi wa malango. Bwawa liko juu ya mji. Linapokaribia kujaa, mlinzi humpigia Mhandisi Mkuu, naye akiruhusu, honi inapigwa ili watu wa bondeni wapande juu, kisha malango yanafunguliwa kidogo kidogo. Bila ruhusa yake, si honi wala lango. Ndiyo sheria.

Mwaka jana malango yalifunguliwa yote kwa mpigo. Taarifa ya idara ilisema mlinzi alilala na hakumpigia mtu yeyote. Walimvua kazi, wakampa panga. Sasa anafyeka majani kandokando ya bwawa lile lile. Nilimkuta amejikinga mvua chini ya turubai.

"Nilipiga simu," akasema kabla sijauliza. "Nilipiga mpaka kidole kikaniuma. Haikupokelewa. Nikasema ngoja kidogo, atapiga. Maji yakaanza kulamba ukingo. Nikaona hapa ukuta utakwenda na mji wote. Nikafungua."

"Na honi?"

"Nilipiga. Lakini honi na maji vilifika pamoja."

Akavuta turubai. Hakufa mtu siku ile, na sijui ni kwa nini.

"Hukubisha?"

"Nilibisha. Yeye akasema simu yake haikulia. Nani angemwambia Bwana Bomba, hebu toa simu yako tuione?"

Niliteremka na tope mpaka magotini. Natamani kumwamini yule mzee. Lakini ni neno lake dhidi ya neno la mtu ambaye mji mzima unamwombea dua.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Naibu anakula peke yake, watu wanahamisha sahani akiketi. Nimemwona akiwapa walinzi wa malango namba yake ya simu: "Mkimkosa yeye, nipigieni mimi." Nikasema moyoni, aha, anakusanya watu wake. Karani huenda hakukosea.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Mafua. Nimelala.

Jumatano, 27 Machi

Mara zote nilizokwenda wiki hii, mlango wa Bwana Bomba ulikuwa umefungwa kwa ndani. Dereva wake ndiye anayenirudisha mjini. Ni mtu wa maneno ya kuhesabu, rafiki wa Mhandisi tangu ujana wao.

"Anafanya nini humo ndani?" nikamuuliza.

"Anasali."

"Mtu wa ibada sana."

Dereva hakucheka. Tulipofika kwangu alizima gari, akashika usukani kama anayetaka kusema kitu. Kisha akaliwasha tena. "Usiku mwema, dada." Ilikuwa saa tisa mchana.

Jumanne, 2 Aprili

Mikono yangu ina malengelenge, kalamu inateleza. Lakini lazima niandike yote wakati bado naisikia ile honi masikioni.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumua. Mchana nilikuwa Idara ya Maji. Mlinzi wa zamu akapiga simu kutoka bwawani: maji yamepita alama nyekundu, anaomba ruhusa. Karani akagonga mlango wa Bwana Bomba. Kimya. Naibu akaja, akagonga kwa ngumi.

Mlango ukafunguliwa. Harufu ilitoka kwanza, yeye akafuata. Shati limefungwa vifungo upande, macho mekundu, ile peremende haikufua dafu.

"Hakuna kufungua," akasema. "Mnataka kuwakimbiza watu ovyo kila kukinyesha? Lile bwawa nimelijenga mimi. Nalijua kuliko nyinyi wote. Dereva! Twende nikawaonyeshe."

Tukaingia garini: yeye, Naibu, mimi, na Dereva. Njia nzima yeye alikuwa akisimulia walivyochimba msingi wa bwawa.

Sijawahi kuona maji namna ile. Hayakuwa na mawimbi. Yalikuwa yamevimba tu, mazito, rangi ya kahawia, yamefika vidole vichache kutoka ukingoni. Mlinzi wa zamu alikuwa mlangoni mwa chumba cha malango. Yule mzee naye alikuwa pale, panga mkononi, amelowa chapachapa.

Bwana Bomba akamsukuma mlinzi, akasimama mlangoni na kutanua mikono. "Atakayegusa gurudumu la lango, kesho hana kazi."

"Mhandisi, toka mlangoni," Naibu akasema. Hakupaza sauti.

Akamtukana. Matusi yale siyaandiki; hata karatasi ina heshima yake. Naibu alisimama akayapokea yote kama mtu anayenyeshewa, kisha akarudia: "Toka mlangoni."

Ndipo yule mzee akaweka panga chini, akasogea. "Mhandisi," akasema, "mwaka jana nilikupigia."

Bwana Bomba akamzaba kibao.

Mzee hakurudi nyuma. Alisimama pale pale, mvua inamtiririka usoni, anamtazama. Nikaona mkono wa Bwana Bomba umebaki hewani, kana kwamba si wake. Dereva akamjia kwa nyuma, akamkumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, akambeba pembeni. Wote wawili wakaketi kwenye tope. Bwana Bomba alifurukuta kidogo, kisha akaegemeza kichwa chake begani kwa Dereva.

Naibu alikwisha kuingia. Honi ikalia. Ililia mpaka meno yangu yakauma.

"Piga simu bondeni," akaniambia. "Waambie wapande shuleni. Wana muda, lakini wasiupoteze kwa kubeba makabati."

Nilipiga kwa mwenyekiti wa mtaa, nikapiga kwa jirani wa Mama, nikapiga kwa kila namba ya bondeni niliyonayo. Kisha tukashika magurudumu. Ni chuma kizito, kina kutu, kinazunguka kwa kulazimishwa. Mlinzi wa zamu na mimi lango moja, Naibu na mzee lango la pili. Mzee ndiye aliyekuwa akisema, "Basi hapo. Ngoja. Sasa tena." Naibu alimtii kila neno.

Maji yakatoka kwa adabu. Sina neno jingine. Yalitoka kidogo, yakaongezeka kidogo. Magharibi mwenyekiti wa mtaa alinipigia: watu wote wako shuleni, barabara ya chini ina maji ya kifundo cha mguu, kuku kadhaa wamekwenda na maji.

Nilimtazama Naibu. Alikuwa ameketi sakafuni, viatu mkononi, anamimina maji nje ya kiatu kimoja. Nilikuwa nimemweka kundi la wenye tamaa ya kiti. Mwezi mzima nimemwona akila peke yake, na nikadhani ninamwelewa.

"Kwa nini hukuniambia kitu siku ile ya kwanza?" nikamuuliza.

"Ungeniamini?"

Nikatazama malengelenge yangu.

"Basi," akasema, akavaa kiatu.

Jumatano, 3 Aprili

Mkurugenzi ameshasikia. Amenimiminia chai mwenyewe, ishara mbaya. "Andika alikuwa na homa," akasema. "Homa humchanganya mtu. Tutampumzisha kimyakimya, na mafuriko ya mwaka jana tuyaache yalipo. Naibu nitamtafutia mji mwingine, wamemchoka kule."

"Na yule mzee?"

"Mzee anakaribia kustaafu."

"Mzee atastaafu na jina la mlevi wa usingizi, wakati mlevi mwenyewe ana homa," nikasema. Sijui nimeutoa wapi mdomo ule. Mkurugenzi akaweka kikombe chini.

"Una ushahidi wa mwaka jana?"

Sina.

Ijumaa, 5 Aprili

Dereva amekuja nyumbani asubuhi, kabla sijatoka. Mama akamkaribisha kiti. Hakukaa.

"Ni mimi niliyepiga," akasema.

Nilidhani anazungumzia ile simu ya malalamiko, na kweli ndiyo, lakini hayakuishia hapo. Siku ya mafuriko ya mwaka jana alikuwa akimrudisha Bwana Bomba nyumbani. Mhandisi alikuwa amelala kiti cha nyuma, amelewa chakari. Simu yake ikaita kutoka malangoni. Ikaita, ikakatika, ikaita.

"Nilijua ni ya bwawani. Mvua ilikuwa inaonekana. Lakini dereva hapokei simu ya bosi. Nikajiambia ataamka. Nikaendelea kuendesha." Akafuta uso kwa kiganja. "Kesho yake akaniambia, ndugu yangu, simu haikulia, sivyo? Nikasema haikulia."

"Kwa nini umesema sasa?"

"Kila siku ninambeba kumwingiza ndani. Mwezi wa pili, mwanawe mdogo alinifungulia mlango, akaniuliza, 'Leo baba amekufa?' Aliuliza kama unavyouliza leo kuna maji. Nikaona sisi tunaompenda ndio tunaomzika."

Mama, aliyekuwa amesimama na chupa ya chai, aliketi kwenye kile kiti alichomkaribisha Dereva. Kisha akasema, "Nyumba yangu ilikufa kwa sababu ya simu?" Dereva akainamisha kichwa. "Ndiyo, mama." Mama akammiminia chai. Alimmiminia mpaka kikombe kikajaa.

"Nenda ukayaseme hayo mbele ya watu," akamwambia. "Na wewe," akanigeukia, "ukiandika homa, usirudi hapa."

Ni nyumba yangu, lakini sikubishana.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua, nyepesi. Nimepeleka taarifa. Mkurugenzi ameisoma yote mbele yangu na kuitia sahihi. "Watanisulubu," akasema. Nikamwambia hatakuwa peke yake. Akatabasamu kwa shida. Si mtu mbaya; ni mtu anayependa siku zipite.

Jumanne, 16 Aprili

Kikao cha nidhamu. Bwana Bomba alikuja na suti, amenyoa, mzima. Akasema ilikuwa homa na dawa. Kuhusu kibao akasema aliteleza. Kuhusu mwaka jana akasema lile lile: simu haikulia. Alizungumza vizuri mno, na wajumbe wawili walikuwa wakitikisa kichwa kukubali.

Naibu akatoa maelezo yake, makavu, bila tusi hata moja alilotukanwa. Mimi nikatoa yangu. Kisha Dereva akasimama.

"Simu ililia," akasema. "Mhandisi alikuwa amelala, hakuisikia. Kosa la kutopokea ni langu. Kosa la kudanganya ni letu wote wawili."

Bwana Bomba aligeuka akamtazama kama mtu aliyechomwa na mkono wa ndani ya nyumba. Wakati huo mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mwenye mtandio wa kijivu. Ni mkewe. Hakuna aliyemwita. Alipita viti vyote vilivyokuwa wazi, akaenda kuketi karibu na Dereva.

Sijui nini kilimpitia Bwana Bomba alipoona mkewe ameketi wapi. Mwenyekiti wa kikao alimuuliza kama ana swali kwa shahidi. Akalegeza tai.

"Amekosea kitu kimoja," akasema. "Sikuwa nimelala."

Mwenyekiti wa kikao akaweka kalamu chini.

"Niliisikia. Nilifumba macho. Nilijua nikipokea, sauti yangu itajulikana. Nikasema ikate, ikate, nitapiga nikipata nafuu." Akamtazama yule mzee wa malango, aliyekuwa ameketi nyuma. "Ulipiga. Ulipiga sana. Andikeni hivyo."

Dereva alilia. Mimi nilishughulika na kalamu yangu.

Alhamisi, 25 Aprili

Uamuzi: amevuliwa uhandisi mkuu. Anapewa likizo ya matibabu. Akitibiwa akapona atarudi fundi wa kawaida, chini ya uangalizi, na akinywa kazini mara moja, basi tena. Dereva onyo kali. Mzee amerudishiwa malango yake, na tangazo limebandikwa kila ofisi. Naibu anakaimu. Amri yake ya kwanza: mlinzi wa malango apige honi bila kumwomba mtu ruhusa.

Leo karani amemvutia kiti wakati wa chakula. Naibu akamuuliza, "Kaka yangu hajambo?" Kumbe alikuwa akijua. Karani alikaribia kupaliwa.

Jumapili, 12 Mei

Nimekwenda kumwona Bwana Bomba hospitali. Amepungua, mikono inamtetemeka, kikombe anakishika kwa miwili. Mwanzoni hakutaka kunitazama.

"Umenimaliza, dada."

"Umelala usiku?"

"Jana nimelala." Akafikiri. "Mwanangu alikuja. Amenichorea bwawa. Kalichora na samaki, mle hamna samaki." Akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Nilimpa leso. Nilipokuwa naaga aliuliza, "Maji yamefika wapi?" Nikamwambia yako chini ya alama. Akashusha pumzi.

Jumatatu, 20 Mei

Jua la kwanza la kweli. Mama anafungasha, mafundi wamemaliza kuta za nyumba yake bondeni. Anasema nyumba yangu ina kelele. Humu tuko yeye na mimi tu.

Ijumaa, 31 Mei

Leo wafanyakazi wa Idara ya Maji walikusanyika bwawani kunywa chai ya kuufunga msimu. Bwana Bomba alikuja na mkewe, kwa miguu, shati limepigwa pasi. Hospitali wamemruhusu wiki hii. Aliomba kusema neno. Naibu akamwachia nafasi.

Alimwomba msamaha Naibu. Akamwomba Dereva. Kisha akasimama mbele ya mzee wa malango, akasema yote: simu, uongo, panga, kibao. Hakutia homa wala jino. Watu walikuwa wakitazama viatu vyao.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Kibao nimekisamehe," akasema. "Hili lingine bado. Ulipokuja nyumbani mwaka jana kunipa pole, watoto wangu walikushukuru. Mpaka leo wanajua wewe ni mtu mwema na baba yao ndiye aliyelala. Mimi nikiwaeleza, nitakuwa najitetea. Nyumba ni ile pale. Kaseme wewe."

Ni nyumba ya walinzi, ng'ambo ya ukingo, tunaiona. Bwana Bomba alimtazama mkewe. Mkewe hakumsaidia kwa neno. "Twende," Bwana Bomba akamwambia mzee.

Waliondoka wawili, mzee mbele, yeye nyuma. Sisi tulibaki, hakuna aliyegusa chai. Mlango ukafunguliwa, watoto wakatoka mbio, na kwa kuwa hakukuwa na upepo tuliwasikia wote kwa pamoja:

"Shikamoo, Mhandisi!"

Tukangoja. Hakuitikia marahaba. Tulimwona akichuchumaa taratibu, mpaka uso wake ukawa sawa na nyuso zao.

"Njooni karibu, wanangu," akasema. "Nina jambo la kuwaambia kuhusu baba yenu."